Kemia ni Kufunga na Kufungua

Vuta pumzi. Asilimia 78 hivi ya hewa iliyoingia kifuani mwako sasa ni naitrojeni, na ukiitoa itatoka kama ilivyoingia, haijagusa wala kuguswa. Cha ajabu, mwili huohuo hauwezi kuishi bila naitrojeni. Imo katika kila protini ya misuli, imo katika DNA ya kila seli, imo katika hemoglobini inayoipa damu wekundu wake. Mtu anaweza kudhoofu kwa kukosa protini huku akiogelea katika bahari ya naitrojeni. Mmea unaweza kugeuka manjano kwa njaa ya naitrojeni ilhali juu ya kila mita moja ya mraba ya udongo wake imekaa gesi hiyo yenye uzito wa takriban tani 8. Penye miti hapana wajenzi.

Kinachomzuia mwenye njaa asile ni fundo.

Atomi za naitrojeni hewani hazikai moja moja. Zimeshikana mbili mbili, na kila pacha ametoa elektroni zake tatu ziwe mali ya wote wawili. Wanakemia huuita mshikamano wa namna hii bondi. Mimi nitauita fundo, kwa kuwa kila mtu amewahi kupambana na fundo: moja linaachia kwa kuvutwa ncha tu, jingine limekaza mpaka unalitafutia kisu.

Hili la naitrojeni ni la kisu. Ukitaka kuyafungua mafundo yote yaliyomo katika gramu 28 za gesi hiyo, lazima ulipe kilojuli 945 za nishati. Oksijeni yenye idadi ileile ya molekuli hudai 498 tu. Ndiyo maana oksijeni ikikutana na chuma huzaa kutu, ikikutana na mafuta huzaa moto, ikikutana na chakula ndani ya seli huzaa nguvu za kutembea. Na naitrojeni, iliyo karibu mara nne yake kwa wingi, hupita kando kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.

Naona kemia nzima hueleweka vizuri zaidi ukiitazama hivi: fundo lipi limekaza, lipi limelegea, nani ana ufunguo wake, na ufunguo huo unagharimu nini. Kuigawa kemia kuwa ya asili, ya viwandani na ya nyumbani ni utaratibu wa rafu za maktaba. Fundo halijui kama liko mizizini, kwenye mtungi wa chuma au kwenye ndoo ya kufulia.

Mtaji na mapato

Kuna kosa moja la kuondoa njiani kwanza, nalo hubebwa hata na watu waliosoma kemia miaka minne. Ni ile dhana kwamba nishati imefichwa ndani ya fundo, na fundo likikatwa nishati humwagika, kama maji ya kiriba kilichotobolewa. Mambo yako kinyume. Kufungua fundo hugharimu nishati, siku zote. Kinacholipa ni kufunga.

Chukua mwali wa jiko la gesi, na tuseme gesi yenyewe ni methani: atomi moja ya kaboni iliyozungukwa na nne za haidrojeni. Ili gramu 16 za methani ziungue, ni lazima mafundo yake yafunguliwe, pamoja na ya oksijeni inayoungua nayo. Gharama ya yote ni kilojuli 2,650 hivi. Huo ni mtaji. Kisha atomi zilezile hujifunga upya: kaboni na oksijeni zikawa hewa ukaa, haidrojeni na oksijeni zikawa mvuke wa maji. Mafundo haya mapya yamekaza kuliko yale ya mwanzo, na kuyafunga huingiza kilojuli 3,450 hivi. Toa mtaji, inabaki faida ya 800. Faida hiyo ndiyo inayochemsha sufuria.

Hapo ndipo kazi ya kiberiti inapoeleweka. Gesi na hewa zinaweza kujaa chumba kizima zisiungue, ingawa biashara ina faida kubwa, kwa sababu hakuna aliyetoa mtaji wa kwanza. Cheche huzikopesha molekuli chache. Faida ya hizo huwa mtaji wa jirani zake, na mwali ukajiendesha wenyewe. Kutu ni biashara ya namna hiyohiyo kati ya chuma na oksijeni, ila ni ya mwendo wa kobe, na maji ndiyo dalali wake. Chuma kikavu kabisa hakipati kutu.

Atomi zenyewe hazipotei. Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyekuwa mkusanya kodi na mwanakemia kwa wakati mmoja, alilionyesha hilo katika karne ya 18 kwa kupima vitu ndani ya vyombo vilivyozibwa: uzito wa kabla na uzito wa baada ulikuwa uleule. Kazi ya kodi ilimponza, akakatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa mapinduzi, lakini hesabu yake imebaki. Tani ya kuni ikiungua ikabaki majivu ya kujaza karai, hakuna kilichopotea. Sehemu kubwa imepaa, tena ikiwa nzito zaidi kwa oksijeni iliyoshikana nayo.

Na fundo likibadilika, tabia ya kitu hubadilika hata kama atomi ni zilezile. Sodiamu ni metali laini inayolipuka ikitupwa majini. Klorini ni gesi ya rangi ya kijani na manjano inayochoma mapafu. Zikishikana ni chumvi ya mezani. Kumbuka hilo kila mtu anapokutisha kwa kutaja elementi iliyomo ndani ya kitu bila kusema imefungwa na nini.

Radi na vinundu

Asili ina njia mbili za kufungua fundo la naitrojeni. Ya kwanza ni ya ubabe. Radi inapopiga, hewa iliyo katika njia yake hufikia nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, takriban mara tano ya joto la uso wa jua. Katika joto hilo hata fundo lile hukatika. Atomi zilizoachwa wazi hudaka oksijeni, na mvua huziteremsha ardhini zikiwa nitrati ambazo mizizi inaweza kuzinywa. Lakini ni kiasi kidogo kwa mahitaji ya uhai wote.

Ya pili haina kelele. Ng'oa mmea wa jamii ya kunde wenye afya, utaona vinundu vidogo mizizini. Ndani yake wamo bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho naitrojinesi, ambacho kiini chake, katika aina iliyoenea zaidi, kina chuma na molibdenamu. Kimeng'enya hicho hulifungua fundo katika joto la kawaida la udongo na kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa. Hakuna tanuri, hakuna pampu. Lakini hakifanyi kazi bure: kila molekuli moja ya naitrojeni hula molekuli 16 za ATP, sarafu ya nishati ya seli, na bili hulipwa na mmea kwa sukari ulioitengeneza majanini.

Tena kuna ugomvi wa ndani ya nyumba. Oksijeni huiharibu naitrojinesi, na wakati huohuo bakteria wenyewe wanaihitaji oksijeni ili wapumue. Kipasue kinundu kwa ukucha. Ukikuta rangi ya waridi ndani, hiyo ni leghemoglobini, ndugu wa hemoglobini ya damu yetu, inayoishika oksijeni na kuigawa kwa kipimo ili bakteria wapumue na kimeng'enya kisalimike. Kinundu chenye waridi ndani kiko kazini. Mmea una kitu cha jamii ya damu mizizini mwake, na kuna watu wamelima maisha yao yote bila kupasua kinundu hata kimoja.

Kimeng'enya ni kichocheo cha viumbe hai, na kichocheo chochote, kiwe cha seli au cha kiwanda, hakiongezi faida wala hakiipunguzi. Kazi yake ni kuonyesha njia ya mkato inayohitaji mtaji mdogo, kisha kinabaki kama kilivyokuwa, tayari kwa mteja anayefuata. Sukari iliyo kwenye kopo hukaa miaka bila kuungua. Ndani ya mwili inaunguzwa kwa nyuzi 37, hatua kwa hatua, kwa kuwa kila hatua ina kimeng'enya chake.

Mtungi uliotobolewa makusudi

Mwishoni mwa karne ya 19 Ulaya ilikuwa ikila akiba. Mbolea ya naitrojeni iliyouzwa kimataifa ilitoka hasa katika matabaka ya nitrati ya jangwa la Atacama, eneo ambalo Chile, Peru na Bolivia ziliingia vitani kwa ajili yake kuanzia mwaka 1879. Mwaka 1898 mwanakemia Mwingereza William Crookes alisimama mbele ya wanasayansi wenzake mjini Bristol akaonya kwamba walaji wa ngano wangekosa mkate siku moja, isipokuwa kemia ijue namna ya kuifunga naitrojeni ya hewani.

Fritz Haber, Mjerumani, alitaka kuifunga na haidrojeni ipatikane amonia. Kwenye karatasi ni rahisi: molekuli moja ya naitrojeni na tatu za haidrojeni hutoa mbili za amonia, na faida ya nishati ipo. Tatizo ni kwamba mmenyuko huu huenda mbele na kurudi nyuma. Amonia hufungwa, amonia hufunguka, na mahali safari hizo mbili zinapolingana panaitwa msawazo. Katika ubaridi msawazo huegemea upande wa amonia, lakini fundo la naitrojeni halitikisiki, kwa hiyo utasubiri milele. Ukiongeza joto fundo hulegea, lakini amonia nayo huvunjika karibu haraka kama inavyoundwa. Ni sawa na kujaza pipa lililotoboka ambalo tundu lake hupanuka kila unapofungulia bomba zaidi.

Haber aliingia kwa mlango wa mgandamizo. Molekuli nne zinakuwa mbili, yaani amonia huhitaji nafasi ndogo kuliko gesi zilizoizaa. Ukizibana gesi hizo, msawazo hukimbilia upande wenye molekuli chache. Akaongeza kichocheo, metali adimu iitwayo osmiamu. Akaipoza amonia igeuke kimiminika aitoe, na gesi ambayo haikubadilika akairudisha izunguke tena. Julai 1909, katika maabara yake mjini Karlsruhe, akisaidiwa na Robert Le Rossignol, aliwaonyesha watu wa kampuni ya BASF amonia ikidondoka tone baada ya tone.

Kutoka matone hadi tani kulikuwa na safari nyingine, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Osmiamu ilikuwa haba mno, kwa hiyo Alwin Mittasch wa BASF na wenzake walifanya maelfu ya majaribio hadi wakafikia chuma kilichotiwa alumina na potasiamu kidogo, kichocheo ambacho kimsingi bado kinatumika viwandani. Carl Bosch naye, mhandisi wa kampuni hiyohiyo, alikuta mitungi yake ya feleji ikipasuka baada ya siku chache. Haidrojeni, yenye atomi ndogo sana, ilikuwa inajipenyeza ndani ya feleji na kuiba kaboni inayoipa nguvu. Bosch hakuizuia, aliipa njia. Ndani ya mtungi aliweka bitana ya chuma laini kisicho na kaboni ya kuibwa, na ganda la nje la feleji akalitoboa matundu madogo madogo ili haidrojeni iliyopenya itoke kabla ya kuleta madhara. Mtungi wa kubania gesi kwa mgandamizo wa mamia ya mara ya ule wa hewa, na fundi wake anautoboa kwa makusudi! Kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza kazi mwaka 1913.

Inakadiriwa kwamba leo karibu nusu ya watu duniani wanakula mazao ambayo yasingepatikana bila amonia ya njia hii. Gharama yake nayo si ndogo. Haidrojeni ya viwanda hivi bado hutolewa zaidi katika gesi asilia, na kazi nzima humeza kati ya asilimia 1 na 2 ya nishati inayotumika duniani. Mbolea ambayo mimea haikuinywa huoshwa hadi mitoni na baharini, ikalisha mwani. Mwani ukifa na kuoza humaliza oksijeni ya samaki, kama inavyotokea kila kiangazi katika Ghuba ya Meksiko. Sehemu nyingine hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa oksidi ya nitrasi, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Naitrojinesi ya kinundu haina deni la namna hii, na hadi leo hakuna kiwanda kilichoweza kuiiga kwa bei inayolingana na ya Haber na Bosch.

Mapacha wakirudiana

Rudi kwenye hesabu ya mtaji. Ikiwa kulifungua fundo la naitrojeni hugharimu 945, kulifunga hulipa 945. Hapo ndipo zilipo nguvu za vilipuzi vingi: ndani yake atomi za naitrojeni zimetenganishwa na kushikizwa kwa mafundo hafifu, zikisubiri nafasi ya kurudiana. Zikirudiana zote kwa pamoja, joto na gesi hutoka kufumba na kufumbua.

Nitrati ya amonia ni mbolea nzuri na ni kilipuzi. Tarehe 21 Septemba 1921 ghala la kiwanda kilekile cha Oppau lililipuka likaua zaidi ya watu 500. Mbolea ilikuwa ikigandamana, na wafanyakazi walizoea kuilegeza kwa baruti. Ilikuwa imefaulu mara nyingi kabla ya siku hiyo. Tarehe 4 Agosti 2020, moto uliifikia shehena ya tani zipatazo 2,750 iliyokuwa imekaa miaka katika ghala la bandari ya Beirut.

Kurudiana kuleule kumeokoa watu pia. Mifuko ya hewa ya magari ya miaka ya nyuma ilijazwa kwa azidi ya sodiamu, chumvi inayovunjika na kuachia naitrojeni tupu, mfuko ukavimba kabla kichwa cha dereva hakijaufikia usukani.

Mkojo bila figo

Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, Mjerumani, alipata fuwele nyeupe kutokana na sianati ya amonia. Alipozichunguza alikuta ni urea, kitu kilichojulikana kutoka kwenye mkojo. Wasomi wengi wa wakati huo waliamini kwamba vitu vya viumbe hai vina nguvu ya uhai ambayo chupa ya maabara haiwezi kuwa nayo. Wöhler alimwandikia mwalimu wake Berzelius kwamba sasa anaweza kutengeneza urea bila kuhitaji figo, ya mtu wala ya mbwa. Leo urea hutengenezwa kwa kuiunganisha amonia na hewa ukaa, na ndiyo mbolea ya naitrojeni inayotumika zaidi duniani. Molekuli yake ni ileile ya mkojo. Mzizi hauulizi ilikotoka.

Ndiyo maana maneno "haina kemikali" juu ya chupa hunichekesha. Kama ndani kuna maji tu, kemikali imo. Sumu kali kuliko zote zinazojulikana haikutoka kiwandani; hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na kiasi kidogo mno cha sumu hiyohiyo hutumiwa na madaktari kulegeza misuli iliyokakamaa. Tabibu Paracelsus aliyasema haya katika karne ya 16: kinachotenga dawa na sumu ni kipimo.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kudhani maabara haina cha kujifunza kwa bibi mwenye mizizi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Tu Youyou na timu yake walipekua tiba za jadi, wakaujaribu mmea wa artemisia, nao ukawapa matokeo ya kigeugeu: mara unafanya kazi, mara haufanyi. Alirudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akaona maelekezo ya kuloweka mmea huo katika maji, kuukamua na kunywa. Kuchemsha hakukutajwa. Tu akaacha moto akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwa nyuzi 35 hivi, na mwaka 1971 dondoo lake liliwasafisha vimelea panya wote wa majaribio. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Ukiitazama molekuli ya artemisinini, dawa iliyopatikana katika mmea huo, unaona kiini chake: atomi mbili za oksijeni zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Ni fundo la jamii ya peroksidi, legevu, lisilofika robo ya nguvu ya fundo la naitrojeni. Kimelea cha malaria hula hemoglobini ya chembe nyekundu na kubakiwa na masalia yenye chuma. Chuma hicho hulikata fundo legevu, na vipande vikali vinavyozaliwa humrarua kimelea palepale alipo. Dawa hufunguka mezani kwa adui, kwa kijiko cha adui mwenyewe.

Ndoo na chupa ya choo

Mafuta, ya mimea au ya mnyama, ni mikia mitatu mirefu iliyofungwa kwenye gliserini kwa mafundo yaitwayo esta. Soda kostiki huyakata mafundo hayo, na mikia inayoachwa ndiyo sabuni. Kila mmoja sasa una kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mikia hujichomeka katika doa la mafuta, vichwa vikabaki nje, na doa likabebwa na maji likiwa limezingirwa pande zote. Virusi vyenye utando wa mafuta hupasuliwa kwa namna hiyohiyo, na hilo ndilo jibu kwa wanaoshangaa kwamba kipande cha sabuni kinaweza kufanya kazi ya dawa. (Liweke esta akilini, tutalirudia.)

Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe nayo ni ya kuheshimiwa. Ukiimwaga pamoja na kisafishio cha choo chenye asidi, gesi ya klorini hutoka. Ni gesi ileile ambayo Haber, huyuhuyu wa amonia, alisimamia ifunguliwe kutoka katika maelfu ya mitungi karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Miaka michache baadaye akapewa Nobel kwa amonia yake. Ukiichanganya dawa hiyo ya nguo na kisafishio chenye amonia hutoka kloramini, nayo hushambulia mapafu. Watu huzichanganya wakidhani dawa mbili zitasafisha kuliko moja. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na ukisikia harufu inayokaba koo toka nje kwanza.

Mafundo yasiyo na ufunguo

Mpaka hapa fundo lililokaza limekuwa tatizo kwa sababu tulitaka kulifungua. Kuna tatizo geni zaidi: mafundo tuliyoyafunga wenyewe, yasiyo na kiumbe anayejua kuyafungua.

Mwaka 1928 Mmarekani Thomas Midgley na wenzake walitafuta gesi ya majokofu isiyoungua wala kumdhuru aliyeivuta, wakapata jamii ya gesi zijulikanazo kama CFC. Ugumu wa mafundo yake ndio ulioziuza. Lakini kitu kisichomenyuka na chochote hakina njia ya kuondoka hewani. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi hizo hupanda polepole hadi kwenye tabaka la ozoni, ambako miale ya urujuanimno ina nguvu za kukata fundo la kaboni na klorini. Klorini iliyobaki peke yake ni kichocheo, kwa maana ileile ya naitrojinesi na chuma cha Mittasch: huharibu ozoni, hutoka nzima, hurudia. Atomi moja inaweza kuharibu molekuli 100,000 hivi. Shimo la ozoni juu ya Antaktika liliripotiwa mwaka 1985, Itifaki ya Montreal ya kuziondoa gesi hizo ikatiwa saini mwaka 1987, na tabaka hilo sasa linapona taratibu. Midgley huyohuyo ndiye aliyegundua, mwaka 1921, kwamba madini ya risasi ndani ya petroli hutuliza injini. Ilichukua hadi mwaka 2021 kwa nchi ya mwisho kuacha kuyauza katika petroli ya magari.

Jamaa wa leo ni kemikali ziitwazo PFAS, zenye fundo la kaboni na florini, gumu kuliko mafundo yote ya mkono mmoja (yaani ya jozi moja tu ya elektroni) ambayo kaboni hufunga. Zimetumika katika vikaango visivyogandisha chakula, makoti yasiyolowa na povu la kuzimia moto, na sasa zinapatikana katika maji na katika damu za watu.

Plastiki ni kesi ya kipekee kidogo. Polithini, iliyopatikana kwa bahati Uingereza mwaka 1933, ni mnyororo mrefu wa kaboni kwa kaboni. Fundo moja moja la mnyororo huo si la ajabu. Shida ni kwamba umelainika kotekote, hauna pindo wala kishikio ambacho kimeng'enya kinaweza kukidaka. Plastiki ya chupa za maji, PET, ina kishikio: viungo vyake vimefungwa kwa esta, fundo la jamii ya lile la mafuta ambalo soda kostiki hulikata ili tupate sabuni. Na esta ni fundo ambalo bakteria wamekuwa wakilifungua tangu zamani.

PET ilivumbuliwa mwaka 1941. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria waliyempata katika eneo la kuchakata chupa mjini Sakai, wakamwita Ideonella sakaiensis. Hutoa kimeng'enya kinachokata esta za PET, kisha hula vipande. Walimpa utando mwembamba wa plastiki hiyo, wakauweka katika nyuzi 30, na baada ya wiki sita alikuwa ameumaliza karibu wote. Ulikuwa utando ambao molekuli zake zimekaa ovyo ovyo. Chupa yenyewe, ambayo molekuli zake zimejipanga na kubanana, bado inamshinda.